Sekunde ya Kumi

"Dada Ozana, hawa wa—"

Simu ikakauka. Nikasema halo, halo, nikaigonga ubavuni, wapi! Nilikuwa karibu kuirudisha mahali pake iliposema tena, katikati ya neno, kama mtu aliyekuwa akiongea muda wote bila mimi kumsikia.

"—lika rangi, midomo yao ime—"

Ikakauka tena.

Ilikuwa sauti ya Sista Edina, muuguzi wa wodi ya mapafu kule Lupondo, bondeni. Namfahamu vizuri, maana mama yangu alikuwa amelazwa kwake tangu masika, na Edina ndiye aliyekuwa akinipigia jioni kunisimulia kama mama amekula au amegoma. Ni mtu wa kucheka yule. Sijawahi kumsikia akiongea hivi, mbiombio na kwa sauti ya juu, na mwili ulinisisimka hata kabla sijaelewa anasema nini.

"Kaka Ngailo, hebu angalia laini ya Lupondo."

Ngailo ndiye fundi mwenzangu wa zamu hapa mnara wa mawasiliano, mtu mzima, ameanza kazi hii mimi nikiwa natambaa. Tangu asubuhi alikuwa ameganda mbele ya skrini, na sikumlaumu. Mke wake, Tumpe, alikuwa juu ya meza ya upasuaji hukohuko Lupondo. Mtoto alikuwa amekaa vibaya na kondo la nyuma limeng'ang'ania kovu la zamani, kwa hiyo daktari bingwa alikuwa anampasua akiwa mjini, kwa mikono ya chuma aliyokuwa akiiongoza kupitia mnara wetu. Ngailo hakuwa na njia nyingine ya kumlinda mkewe zaidi ya kuutazama mstari wa laini ya upasuaji na kuombea usitetemeke.

"Kijani tupu," akasema bila kugeuka. "Zote zinapatikana, asilimia mia."

"Edina anakatikakatika."

"Si unaisikia mvua hiyo?"

Kweli, mvua ya mawe ilikuwa inatwanga bati letu hadi tunaongea kwa kupayuka, na mchana ulikuwa umegeuka mweusi tii. Mawimbi yetu ni membamba. Yanabeba mengi lakini yanaogopa maji. Siku kama ile tungehamishia mzigo kwenye mnara wa ng'ambo ya bonde, ila ule ulikuwa umelala chini tangu maporomoko ya udongo. Kila kitu cha Lupondo kilikuwa kinapita kwetu.

"—shine zinasubiri tu, pumzi moja halafu zina—"

Nikatazama saa ya ukutani. Sauti sekunde moja, kimya tisa. Sauti moja, kimya tisa. Nikadhani nimekosea, nikahesabu tena kwa vidole. Mvua inakata ovyo ovyo, inakata inavyotaka. Hii ilikuwa inakata kwa mpangilio.

"Kaka," nikasema, "kuna mtu anaikohoza laini."

Hapo ndipo Ngailo alipogeuka.

*

Ngoja nieleze, maana bila hili hutaelewa kwa nini watu wazima wawili walikuwa wanatetemeka mbele ya taa ya kijani.

Laini hupimwa kwa sekunde. Sekunde ikijaa makosa huitwa mbovu. Lakini laini haihesabiwi kuwa imekufa mpaka sekunde mbovu kumi zifuatane, bila hata moja nzima kuingia katikati. Tisa si kitu. Zikipita tisa kisha ikaja moja nzima, hesabu inaanza upya, na laini inasomeka kuwa ipo hewani. Sekunde mbovu zinaandikwa pembeni, na pembeni hakuna anayeangalia, kwa sababu kinachotazamwa na wakubwa ni upatikanaji. Kwa simu za watu wanaosalimiana na kuulizana bei ya viazi, sheria hii haina ubaya wowote.

Mafundi wa zamani walikuwa na mchezo wao. Laini ikianza kufa, fundi alikaa na kidole kwenye kitufe, akiziacha sekunde mbovu zipite, na ikikaribia ya kumi anaisukuma nguvu yote kwa mkupuo mmoja ili ipatikane sekunde moja nzima. Wao waliita kuikohoza laini. Ngailo alikuwa anatusimulia wakati wa chai jinsi walivyoweza kuikohoza laini mchana kutwa, na taarifa ya mwezi ikatoka inameremeta. Tulicheka sana, mimi mmojawapo.

Halafu akaletwa Msimamizi. Huyo si mtu. Ni mtambo unaogawa nguvu za mnara wenyewe, bila kumwuliza mtu, na ulifundishwa kazi kwa kulishwa miaka na miaka ya jinsi mafundi walivyofanya. Siku ile mvua ilikuwa imelamba karibu nguvu zote, zilizobaki zikitosha laini moja tu. Mkataba wa upasuaji hauruhusu sekunde mbovu hata moja, kwa hiyo Msimamizi akaupa upasuaji kila kitu. Wodi ya mapafu akaikohoza.

"Sisi ndio tuliomfundisha," Ngailo akasema. Uso wake ulikuwa umesawijika. "Yesu wangu, ni sisi."

"Lawama baadaye! Wodi inapumua vipi?"

Alijua kama nilivyojua. Wagonjwa wa wodi ile wote walikuwa wachekechaji wa madini ya betri, kwenye machimbo ya vumbi jeupe, na mapafu yao yameharibika kiasi kwamba kila pumzi inahitaji hesabu yake. Hesabu inafanyika mjini, kwenye mitambo mikubwa, na amri inashuka kupitia kwetu hadi kwenye mashine ya kila kitanda. Vuta kiasi hiki. Achia. Amri isipofika, mashine inangoja. Sasa zilikuwa zinapata amri moja kila sekunde kumi. Pumzi moja, halafu zinangoja. Jaribu mwenyewe uone kama utamaliza robo saa.

Kwenye kila mashine kipo kitufe cha kuiambia ipumulishe yenyewe, kwa mwendo mmoja kwa wote. Kinasumbua mapafu lakini mtu anabaki hai. Kitufe hicho kilifungwa, kwa sababu ndugu wa wagonjwa walikuwa wanakibonyeza kila wakiona mzee wao anahema vibaya. Mashine zinahamia huko zenyewe laini ikitangazwa haipo. Na laini ilikuwepo, asilimia mia.

"—na mfuko mmoja tu wa mkono, nimpe na—" akasema Edina sikioni mwangu.

Nimpe nani. Nikashika meza.

*

Laini ya kwenda mjini ilikuwa nzima. Nikampigia Bwana Mbunda, mkuu wa zamu wa Makao Makuu, nikaweka sauti ya wazi ili Ngailo naye asikie.

"Ozana, mimi hapa naona kijani," akasema.

"Mkuu, hicho kijani ni cha uongo. Msimamizi anaikohoza wodi. Watu wanaishiwa pumzi."

"Nani kakwambia?"

"Muuguzi wa wodini."

"Kakwambia kwa njia gani?"

"Kwa simu, Mkuu, laini hiyohiyo."

"Sasa kama umemsikia, si laini ipo?"

Nilitaka kuingia kwenye ile simu nimkabe koo. Nikameza mate. "Naomba umwambie daktari bingwa afunge haraka, tunataka kuikata laini, mashine zijiendeshe zenyewe."

"Unasemaje wewe? Kuna mama yuko wazi mezani! Laini ikitangazwa haipo, mikono ya chuma inajikunja na kujifunga, humo humo tumboni mwa mtu. Hiyo ndiyo kanuni. Ole wako uguse swichi, Ozana. Akifa yule, umemuua wewe, na mimi mwenyewe nitasimama mahakamani niseme hivyo. Nitaomba kibali nikipata nitakupigia."

Akakata.

Swichi ya mtambo wa kurushia mawimbi, inayozima laini zote kwa pamoja, iko ukutani, nyekundu, upana wa kiganja. Mkono wangu ulikuwa juu yake na sikumbuki nilivyofika pale. Ngailo alikuwa amesimama kati yangu na mlango, anahema.

"Ni mama yako," akasema. "Sema ukweli wa Mungu. Angekuwa hayumo wodini, ungeigusa hiyo?"

"Mle ndani kuna watu thelathini na kitu, Kaka."

"Sikukuuliza idadi."

Lile swali lilinitisha kuliko mahakama ya Mbunda. Nilijitafuta moyoni, nikatafuta wale thelathini, sura zao, na nikaona sura moja tu, ya Bi. Sekela Chaula, mama yangu, aliyechekecha vumbi miaka yote ile ili mimi nisome mitambo. Nikamrudishia la kwake.

"Na mezani angekuwa mke wa mtu mwingine, wewe si ungekuwa umeshaikata?"

Akajifunika uso. Nje mawe yaliendelea kupiga. Alipofunua uso alikuwa mtu mwingine, amepoa, na hilo nalo liliniogopesha.

"Tabibu Mwalongo yumo humo chumba cha upasuaji," akasema. "Ni kijana, hajawahi kumalizia kazi kama ile peke yake. Lakini akijua mapema, atabana mishipa kabla mikono haijajikunja. Asipojua, damu itafumka yeye anashangaa. Nipe simu nimwambie Edina akamwambie. Halafu ukate."

"Kwa simu hii?"

"Hiyohiyo."

Nikaelewa alichokuwa ananiomba. Sekunde moja nzima inapitisha maneno mawili, matatu ukikazana. Ukitaka kusema zaidi unangoja zipite tisa, na zikipita tisa wodi nzima inangoja pamoja na wewe. Kila neno la Ngailo lingetoka kwenye kifua cha mama yangu.

Ningeweza kukata palepale. Nasema wazi, nilitaka. Lakini kama ningekata Tumpe akafa bila mtu kumwonya tabibu, ningeishi vipi na lile swali lake? Nikampa simu. Nilimchukia wakati namkabidhi, na mkono mwingine sikuutoa kwenye swichi.

*

Ngailo alikuwa hodari wa kuisikilizia laini, hilo simnyimi. Alifumba macho, akaachia sekunde zipite, na ya uzima ilipofika akaidaka.

"Edina, nyamaza! Sikiliza!"

Kimya. Nilikuwa naangalia mshale wa saa unavyojikokota.

"Tunakata laini!"

Kimya. Nikamwona mama akiwa na mdomo wazi, akingoja. Nikaanza kuzuia pumzi zangu mwenyewe bila kujua, mpaka kifua kikaniwaka.

"Mwambie Mwalongo—"

Kimya.

"—mikono itajikunja!"

Kimya. Jamani, kile kimya! Nimefanya kazi na makosa ya laini tangu nina umri wa miaka ishirini, nimeyapima, nimeyaandika, nimeyatania. Sikuwahi kujua kwamba ndani yake mna watu.

"Abane mishipa kwanza!"

Kisha Edina, kwa mbali, maana alikimbia na simu mkononi: "—mesikia, nakimbi—"

"Basi, Kaka," nikasema. "Amesikia."

"Damu. Hajui kuhusu damu." Akangoja. "Chupa za damu karibu!"

"Basi!"

"Ozana, nakuomba. Moja tu. Moja ya mwisho."

"Kaka Ngailo, watu wanakufa!"

"Moja tu, mdogo wangu."

Alikuwa analia. Mtu mzima, mwenye mvi, ananililia mimi niliyemletea chai miaka yote. Nikadhani amekumbuka jambo la kitabibu, kibanio fulani, dawa fulani. Nikamwachia. Tukangoja tisa, mimi nikiuma meno, na ilipofika ile moja akaisogeza simu mdomoni taratibu kabisa.

"Mwambie Tumpe nipo."

Hiyo tu. Mwanamke amelala kwa dawa ya usingizi, hasikii hata radi. Nilitaka kumpiga. Badala yake nikaivuta swichi kwa nguvu zangu zote.

Mtambo ukashusha mlio na kunyamaza. Sasa hapakuwa na sekunde nzima ya kutegemea, hata ile moja ya msaada tulikuwa tumewanyang'anya. Tulihesabu kwa sauti, wote wawili, mkono wake umenishika bega hadi likauma. Saba. Nane. Tisa. Skrini ilikuwa bado kijani, na kwa kitambo kile nikaogopa kwamba Msimamizi amepata njia nyingine, kwamba hata mnara ukiwa umezimwa atatafuta pa kukohozea.

Kumi.

Skrini nzima ikawa nyekundu. LUPONDO HAIPATIKANI.

*

Mnara uliozimwa hauleti habari. Hilo hatukulifikiria hata mmoja wetu. Tulikuwa tumetaka kuwaokoa, na sasa hatukuwa na namna ya kujua kama tumewaokoa au tumewamaliza.

Bwana Mbunda alipiga akafoka mpaka sauti ikamkauka. Nilimwambia swichi nimevuta mimi, jina langu aandike sawasawa, nikakata. Ngailo alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani.

"Iwashe kidogo tu tusikie," akasema.

"Tukiwasha na mvua hii, ataanza tena kuwakohoza."

"Najua."

Alisema anajua, lakini kila baada ya muda alisema tena iwashe, na kila mara nilimkatalia, na kila nikimkatalia niliogopa zaidi kwamba namkatalia kwa hasira tu. Nilimwomba Mungu vibaya, kwa kudai. Nilisema nimetenda haki, nimempa mwenzangu maneno yake yote, hata lile la bure, kwa hiyo na mimi nipewe changu.

Mawe yakawa mvua, mvua ikawa manyunyu. Mwanga ukarudi dirishani. Nikasimama, nikairudisha swichi juu, tukaziangalia sekunde nzima zikijipanga moja baada ya moja mpaka kumi zikatimia na kijani kikarudi.

Simu ililia papo hapo. Ngailo aliifikia kabla yangu.

"Sista? Ndiyo. Ndiyo, ni mimi." Akanyamaza kusikiliza. Niliona mabega yake yanashuka. "Wote wawili? Mwalongo alimalizia mwenyewe? Sema tena. Sema tena, Sista, nisikie vizuri!" Akacheka, akapiga meza, machozi yanamtiririka, akanitazama akitikisa kichwa kwa furaha. "Mungu mkubwa! Na wodini? Wodini wanaendeleaje?"

Akasikiliza tena. Kicheko kikamwishia usoni polepole.

"Ozana," akasema. "Kaa kwanza."

"Sikai. Lete simu."

Edina alikuwa anasikika safi, hakuna hata chembe ya kukatika. "Dada, mashine zilivyohama wote walirudi rangi. Wote, dada. Sasa hivi wamelala." Akavuta pumzi. "Mama yako alikuwa ametutangulia."

"Alitangulia saa ngapi?"

"Dada Ozana, tusiyaongee hayo kwenye simu."

"Edina. Ni kabla mashine hazijahama?"

"Kabla kidogo. Nilirudi kutoka kumwambia tabibu habari ya damu, alikuwa bado yupo. Nikampa mfuko wa mkono. Alikuwa anajitahidi, dada. Ilibaki kidogo tu."

Nilimshukuru. Ndivyo nilivyofanya, nilimshukuru kwa kunihudumia mama yangu, nikaweka simu chini. Ngailo alikuwa amesimama katikati ya chumba, hajui mikono yake aiweke wapi. Machozi ya kwanza hayajakauka, mengine yalikuwa yanateremka juu yake. Hakuhitaji kuambiwa ni neno lipi.

Nilikuwa na ya kumwambia, makali, na yalikuwa yameshafika ulimini. Nikatazama zile mvi zake.

"Mtoto gani?" nikamwuliza.

"Wa kike."

"Hongera, Kaka," nikasema, na hapo ndipo nilipokaa.